Wateja Wasiobonyeza

Kwa miaka kumi na minane Levina Agapiti alisimama kwenye mizani ya mashine ya kukoboa mpunga ya Nazari, pale Kibaoni, Ifakara, na kwa miaka yote hiyo hakuna mkulima aliyeweza kuapa kwamba aliwahi kumwona akitabasamu. Meno yake yalikuwa na kazi nyingine. Gunia lilipotua, aliingiza mkono mpaka kiwiko, kwa sababu juu ya gunia kila mtu ni mwaminifu, akachota punje za katikati, akatia tatu mdomoni, akauma. Punje kavu hulia. Punje mbichi hubonyea kimya kimya, kama mtu anayeficha jambo. Zikilia, Levina aliandika jina na kijiji kwenye daftari, akaelekeza kidole ndani. Zikinyamaza, alisema maneno mawili tu: "Kaanike kwanza."

Hapo ndipo mtu aliyetoka Mofu tangu alfajiri, kiuno kimekufa kwa mashimo ya njiani, alipoanza kueleza. Alieleza habari za gari linalomsubiri, za mgonjwa aliyemwacha nyumbani, za mvua iliyomvizia shambani. Levina alimwacha amalize, akimtazama kama mtu anayetazama kuku akivuka barabara.

"Mpunga mbichi ukiingia mashineni unatoka chenga, vipande vipande," alimwambia. "Chenga utawauzia wafuga kuku, halafu utarudi hapa kunitukana. Afadhali unitukane leo, mchele upone."

Nao walimtukana, wakaanika kwenye sakafu ya saruji nyuma ya jengo, wakakoboa kesho yake, na msimu uliofuata wakarudi. Mchele uliotoka kwa Nazari ulikuwa mrefu na mzima, na madalali waliujua kwa kuushika tu.

Levina alizaliwa upande wa Mahenge, binti wa katekista aliyeamini kwamba uongo mdogo ni uongo uliokosa chakula tu, ukilishwa utakua. Alishuka Ifakara akiwa na miaka kumi na tisa, ameolewa na Adolf, fundi baiskeli, mtu mpole asiyependa maneno. Alianza pale mashineni kwa kufagia pumba, akapanda mpaka kwenye mizani. Kiburi alikuja nacho kutoka mlimani. Dharau ilikuwa kwake kama chumvi kwenye mboga: aliitia katika kila jambo, wala hakuona kama imezidi, maana ulimi wake ulishazoea. Aliwadharau madalali kwa sababu wanasema sana, wakulima kwa sababu wana haraka, na wafanyakazi wenzake kwa sababu hawakuwa yeye.

Basi mwaka huo, mwezi wa nne, Nazari alikwenda semina Morogoro. Alikaa siku tatu, akarudi na mfuko wa karatasi, kalamu mbili zenye nembo, na maneno mapya. Wiki mbili baadaye akaja mwenye maneno yake.

Aliitwa Hilari. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati limembana mpaka vifungo vinaomba msaada, na chini amevaa raba nyeupe. Levina alizitazama zile raba, akatazama vumbi la pumba lililotanda mpaka kwenye kenchi za paa, akajua kwamba huyu hajawahi kukaa hata saa moja mahali watu wanapokoboa kitu.

"Shikamoo mama yangu," alisema Hilari.

"Marahaba. Mimi ni mama Oliva. Wewe mama yako umemwacha Dar es Salaam."

Hilari alicheka kama mtu aliyefundishwa kucheka. Akawakusanya wafanyakazi wote chini ya kivuli chembamba cha bati, akawaambia kwamba mteja ni mfalme.

"Na mfalme akileta mpunga mbichi?" aliuliza Levina.

"Mfalme hakosei, mama."

"Basi huyo si mfalme, ni mtoto mchanga."

Wapakizi walicheka. Nazari aliyekuwa amekaa pembeni alikunja uso, na Levina akanyamaza, si kwa adabu, bali kwa sababu alikwisha kusema. Kisha wote wakafundishwa sentensi ya kumpokelea mteja: "Karibu sana, mpendwa mteja wetu, tukuhudumie kwa furaha." Walirudia mmoja mmoja. Careen, binti wa miaka ishirini na minne aliyeajiriwa msimu ule kusaidia mapokezi, aliisema vizuri mpaka Hilari akapiga makofi. Levina aliisema kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu.

Siku iliyofuata Hilari alifungua boksi akatoa vimashine viwili, kila kimoja na vitufe vitatu vyenye sura. Sura ya kijani ilicheka. Ya njano ilikuwa katikati, kama mtu anayesikiliza hotuba. Nyekundu ilinuna. Kimoja akakiweka kwenye meza ya Levina, kingine kwenye meza ya Careen. Mteja akishapimiwa mzigo abonyeze sura moja, na kile kimashine kitapeleka jibu chenyewe kwenye simu ya Hilari. Kila Jumamosi matokeo yatabandikwa ukutani, na mwisho wa mwezi picha ya mfanyakazi bora itatundikwa mlangoni.

Levina alikizungusha kile kimashine mkononi.

"Anabonyeza akishapima mzigo?"

"Ndiyo, mama."

"Kabla ya kukoboa."

"Hapa tunapima mapokezi."

"Yaani mtu akiingia kwa mama ntilie unamuuliza wali ulikuwaje kabla hajaletewa sahani."

Hilari alieleza kwamba kuna hatua mbalimbali za safari ya mteja, na kwamba kila hatua hupimwa peke yake. Alieleza kwa upole na kwa urefu. Levina alisonya polepole, sonyo refu ambalo wapakizi walilijua na ambalo Hilari alidhani ni kuvuta pumzi.

Wiki ya kwanza Levina alijifunza mengi kuhusu upimaji. Mzee mmoja kutoka Mbasa alidhani kimashine kinapima presha. Alikandamiza sura ya njano kwa kidole gumba akasubiri majibu, na alipoona hakuna namba aliondoka akisema kimeharibika. Mwanamke mmoja alimbeba mjukuu mgongoni, mjukuu akanyoosha mkono akabonyeza nyekundu mara sita. Kisha akaja kijana mmoja amevaa jezi ya Simba, mpunga wake mkavu safi, akapokelewa, akasifu kazi, akabonyeza nyekundu huku akitabasamu.

"Nimekukosea nini?" aliuliza Levina.

"Hujanikosea, mama. Mimi Mnyama. Siwezi kubonyeza kijani cha Yanga hata nikishikiwa bunduki."

Levina alimpelekea Hilari habari hiyo kama mtu anayepeleka panya aliyemkamata kwa mkia. Hilari alisema makosa madogo kama hayo huzama katika wingi. Jumatatu baada ya Yanga kushinda mechi kubwa, kijani kilipanda katika meza zote mbili, na Hilari akaandika kwamba mafunzo yameanza kuzaa matunda.

Jumamosi ya nne karatasi ilibandikwa. Careen, kijani asilimia tisini na tatu. Levina, thelathini na nne. Mbele ya jina lake Hilari alikuwa amechora sura iliyonuna, kwa kalamu ya rangi, ameipaka vizuri haijatoka nje ya mstari.

Levina aliisoma akiwa amesimama wima. Hakuna aliyemwona akishtuka, na hilo lilimgharimu. Kwamba Hilari ni mjinga alikwisha kulijua. Lakini zile nyekundu zilibonyezwa na vidole vya watu, na watu wale alikuwa amewaokolea mchele wao msimu baada ya msimu. Jioni, alipokuwa akimpakulia Adolf mboga, alimsimulia habari yote kwa sauti ya kebehi.

"Na wewe ungepewa kile kimashine hapa nyumbani," alimaliza, "ungebonyeza ipi?"

Adolf alitafuna kwanza, akameza.

"Ya katikati," alisema. "Nipate kuendelea kula."

Jumatatu Nazari alimwita ofisini. Hakumtazama usoni; alitazama kalenda.

"Mama Oliva, tumeona tukupumzishe mapokezi kidogo. Uende nyuma, usimamie ufungaji. Careen atakaa mbele na mwenzake mwingine."

"Tumeona, wewe na nani?"

"Takwimu zinaonyesha."

"Takwimu haziumi punje, Nazari."

Alimwita jina lake bila kutanguliza bosi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akavua aproni ya mbele, akavaa ya nyuma, akaenda mahali mchele unapotokea.

Nyuma ndiko ulikokuwa ukweli, nao haukuwa na kitufe. Katika wiki ya kwanza mchele ulitoka kama kawaida. Wiki ya pili Levina alianza kuona vipande. Alishika kiganja cha mchele unaotiririka, akautandaza kwenye trei, akatenganisha punje nzima na zilizokatika. Robo nzima ilikuwa chenga. Siku nyingine ikawa theluthi. Alipita mbele akasimama karibu na meza ya Careen. Gunia lilitua, Careen akasema sentensi ile ndefu ya upendo, akatia mkono juu ya gunia kama anayempapasa paka, akaandika jina. Mwenye gunia akabonyeza kijani.

"Umeuma?" aliuliza Levina.

"Mama Oliva, shikamoo."

"Marahaba. Nimeuliza, umeuma?"

Careen aliinamisha kichwa. Hakuwa binti mbaya. Alikuwa mwoga tu, na alikuwa na hesabu nzuri kichwani.

"Nikiuma nikakuta mbichi, itabidi nimwambie akaanike," alisema polepole. "Nikimwambia akaanike, atabonyeza nyekundu. Nikipata nyekundu nyingi, nami nitaletwa huko nyuma. Sasa niume ya nini?"

Levina hakuona kosa katika hoja ile. Kimashine kilimfundisha binti yule kazi kuliko mwalimu yeyote, ila kilimfundisha kinyume. Alimtazama kwa dharau iliyochanganyika na kitu kingine alichokataa kukitaja, akarudi kwenye trei zake.

Mwezi wa sita ulipokwisha, mwezi ambao mpunga wa bonde zima hushuka Ifakara kwa malori, kwa matela ya pawatila na kwa mabehewa ya treni kutoka Mlimba, Nazari aliitisha kikao. Hilari alionyesha ukutani mstari uliopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Kuridhika kwa wateja kulikuwa kumefika asilimia tisini na moja. Picha ya Careen ilikuwa mlangoni, imepambwa kwa utepe.

"Tunakwenda vizuri," alisema Hilari.

Nazari alikuna kidevu. "Mbona magunia yamepungua?"

Mwaka uliopita, mwezi kama huo, yalikuwa yamepita magunia elfu moja na mia nane. Safari hii hayakufika elfu na mia mbili. Hilari alisema ni msimu, mvua hazikutabirika. Lakini wote waliokuwa pale walikuwa na mashamba au ndugu wenye mashamba, na walijua kwamba mwaka ule mpunga ulikuwa umejaa mpaka watu walikosa magunia ya kuutia.

"Waliobaki wameridhika," alisema Levina kutoka nyuma. "Hata mimi nikifukuza wageni wote nikabaki na mume wangu, nyumba yangu itaridhika kwa mia."

"Mama, hebu tuheshimiane," alisema Nazari.

"Nakuheshimu ndiyo maana nasema. Huyu anawauliza waliokuja. Aliyekuja hana neno, ndiyo maana amekuja. Waulize wasiokuja. Wale hawana kitufe."

Hilari alisema wateja walioondoka ni vigumu kuwafikia. Levina alitoka, akarudi na daftari zake mbili, ya mwaka jana na ya mwaka huu, karatasi zimejikunja kwa jasho la mikono. Akazibwaga mezani. Humo mlikuwa na majina, vijiji, na idadi ya magunia, kwa mwandiko wa binti wa katekista.

"Vigumu kwa mtu mwenye raba nyeupe," alisema. "Mofu haijahama."

Nazari alichoka na maneno, pengine alitaka tu kumtoa pale. Akasema kwa hasira, "Basi nenda wewe, ukawaulize."

Akaenda.

Alikaa usiku mmoja na daftari zile na ya Careen, akatoa majina sitini na moja: watu waliokuja mwaka jana mara tatu au nne, na mwaka huu wakaja mara moja au mbili tu, wasionekane tena. Kwa wiki mbili aliwafuata. Alipanda lori lililokwenda kuchukua mizigo Mofu, alipanda bodaboda mpaka Mbasa na Michenga, alitembea kwa mguu kwenye matuta ya majaruba viatu vikiwa mkononi. Kati ya wale sitini na moja aliwapata arobaini. Wawili alikuta wamefariki, akakaa na wafiwa, akatoa pole, wala hakuuliza kitu.

Mwanzoni watu walidhani amekuja kuwadai. Mwanamume mmoja alijificha bandani mpaka mkewe alipomwita. Levina aliwauliza maswali mawili tu, bila mpendwa wala furaha: mchele wenu wa mwisho kwetu ulitokaje, na sasa mnakoboa wapi?

Majibu yalifanana mpaka yakachosha. Chenga. Chenga. Nilikwenda na mpunga mbichi kidogo, hakuna aliyeniambia. Dalali aliushika akacheka. Na sasa karibu wote walikuwa wakikoboa kwa Evod, Lipangalala. Levina alimfahamu Evod tangu akiwa na mashine moja mbovu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kila jina lake lilipotajwa alisonya.

"Na kwenye kile kimashine ulibonyeza nini?" alimuuliza mzee mmoja aliyepoteza karibu nusu ya mchele wake.

"Kijani."

"Kwa nini?"

"Mwanangu, binti amenikaribisha vizuri vile, amenivutia na kiti, nimnunie? Mimi nimelelewa."

Levina aliandika hilo. Hata yeye aliona kwamba hapo hapakuwa na mjinga.

Siku ya mwisho pale Mofu alifika kwa Kabula. Huyu alikuwa mwanamke wa Kisukuma, mkulima mkubwa, aliyehamia bondeni na wazazi wake akiwa mdogo. Mwaka jana aliingiza magunia sabini. Alimkuta anapepeta maharage uani. Kabula alimtazama muda, akamletea kigoda, akaendelea kupepeta.

"Mama wa mizani," alisema. "Umekuja mpaka huku."

"Nimekuja kuuliza mchele wako wa mwisho ulitokaje."

"Wa lini? Nilikuja mara mbili mwaka huu. Mwezi wa tano ulinipokea wewe. Mchele ulitoka safi. Mwezi wa sita alinipokea yule binti. Ulitoka wa kuku."

Levina alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Alikuwa tayari kufunga daftari.

"Ila wewe nilikubonyezea nyekundu," alisema Kabula.

Kalamu ilisimama. "Si unasema mchele ulitoka safi?"

"Ulitoka safi. Unakumbuka nilikuja na nani siku ile?"

Levina hakukumbuka. Kwake zilikuwa punje tatu tu zilizonyamaza mdomoni.

"Nilikuja na mkwe wangu, anayemwoa binti yangu. Mara yake ya kwanza kutembea na mimi. Ukatia mkono kwenye gunia langu, ukauma, ukatema chini, ukaniuliza mbele yake: mama, umevuna au umevua? Watu wote wakacheka. Na yeye akacheka, kwa sababu afanye nini." Kabula alipuliza makapi yaliyobaki kwenye ungo. "Nikaanika siku mbili. Ulikuwa na haki. Lakini siku mbili zile nilikaa kwenye sakafu yenu nikigeuza mpunga na mkwe wangu hajui aweke macho wapi."

Levina alitafuta jibu la kumkata, na majibu hayo hayakumpungukia kamwe. Safari hii alilolipata aliliona dogo, akaliacha.

"Wewe ulinivunjia heshima ukaniokolea mchele," aliendelea Kabula bila kupandisha sauti. "Yule binti akanipa heshima akanivunjia mchele. Nikaona niende kwa Evod, asiyenivunjia kitu. Evod akikuta mbichi ananiambia, dada Kabula, huu tuupe jua kidogo. Basi. Nampa jua."

Levina alimshukuru, akaaga. Njiani, juu ya magunia ya lori, alimchukia Kabula mpaka Ifakara ilipoonekana. Aliichukia ile "tuupe jua kidogo", sentensi rahisi ambayo mtu yeyote mwenye mdomo angeweza kuisema. Zaidi ya yote alichukia kwamba kile kidubwasha cha rangi, pamoja na ujinga wake wote, na watoto wake wa mgongoni na mashabiki wake wa mpira, siku ile ya mwezi wa tano kilikuwa kimepokea ukweli mmoja ambao yeye aliukosa. Alifikiria kutouandika. Baba yake angeujua uongo huo kwa ukubwa wake na angeujua pia chakula chake; akauandika.

Akamkuta Nazari ofisini, peke yake.

"Nimewapata arobaini," alisema akiwa bado amesimama. "Wawili wamefariki. Ishirini na saba wameondoka kwa sababu ya chenga. Sita wana mambo yao, wameuza mashamba au wamelima ufuta. Watano wameondoka kwa sababu ya ulimi wangu."

Nazari aliinua macho. Alitegemea kelele, hii hakuitegemea.

"Ulimi wako?"

"Umesikia."

"Kwa hiyo kosa ni la nani?"

"La kwako, uliyepima kicheko ukaacha kupima mchele. La yule kijana, aliyejua atakachokikuta kabla hajaja. Na langu, kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nimekwambia. Watano katika arobaini. Usiongeze."

Mkataba wa Hilari uliishia mwezi wa nane, na Nazari hakuuongeza. Aliondoka na basi la asubuhi, raba zake zimekuwa rangi ya barabara. Baada ya muda Careen alimwonyesha Levina kwenye simu: Hilari yuko mahali fulani anawafundisha watu wa hoteli, na nyuma yake ukutani kuna picha ya mashine ya Nazari, ya Careen akitabasamu, na ule mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari uliishia mwezi wa sita. Levina aliuangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Mwambie achore na mwezi wa saba," alisema, akarudisha simu.

Alirudishwa kwenye mizani. Careen alibaki kwenye meza ya pili, picha yake ikatolewa mlangoni, akafundishwa kuuma. Siku ya kwanza aliuma punje akavunja kipande cha jino, akalia. Levina akamwambia kwamba meno ya mbele ni ya kupigia picha, atumie ya pembeni. Kwa upande wake Careen hakuthubutu kumfundisha Levina lolote, ila Levina alimsikiliza anavyoongea. Punje zikinyamaza, sasa alimsogelea mwenye gunia, akamwambia pembeni, watu wasisikie. Hakusema mpendwa, wala hakutabasamu. Alisema, "Huu tuupe jua," kwa uso wa mtu anayemeza kwinini, akachukia kila mara kwamba maneno ni ya Evod.

Vile vimashine Nazari alikataa kuvitupa, kwa kuwa vilikuwa na gharama. Levina alimlazimisha avihamishie mlango wa kutokea, mtu abonyeze akiwa ameushika mchele wake mkononi. Levina anasema bado ni upuuzi, na kwamba mashabiki wa Simba bado wanamharibia. Lakini jioni, wapakizi wakishaondoka, hupita pale mlangoni polepole kuliko inavyohitajika.

Msimu uliofuata wateja ishirini na mmoja kati ya waliopotea walirudi. Kabula hakurudi. Levina hakumtarajia, wala hakumfuata tena. Kuwafuata wengine aliendelea. Nazari alimpa siku moja kila mwezi kwa kazi hiyo, na watu wa vijijini wakishamwona na daftari huambiana kwamba yule mama wa maswali amefika, watoe viti.

Hivi karibuni alimfuata mtu mmoja wa Michenga aitwaye Theodori, mwenye magunia thelathini, aliyekoboa kwa Nazari mwanzoni mwa msimu kisha akahamia kwa Evod.

"Kwetu ulikosewa nini?" alimuuliza.

"Hakuna, mama."

"Mchele?"

"Ulikuwa mzuri."

"Nilikusema vibaya?"

"Hapana. Ulikuwa wa kawaida tu."

"Sasa kwa Evod kuna nini?"

Theodori alifikiri kwa uaminifu mkubwa, akikuna shingo.

"Dada yangu anakaa jirani pale Lipangalala," alisema mwishowe. "Mpunga ukiwa kwenye foleni, naenda kula kwake."

Levina alimtazama kuanzia unyayo mpaka utosi. Akafungua daftari, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka, "Dada yake anakaa jirani," akapiga mstari chini yake, akamwambia kijana wa bodaboda awashe waende kwa anayefuata.